Unaenda Uingereza? Mjue daktari wako kabla hujaugua

Miaka michache iliyopita kijana mmoja aliingia kliniki yangu hapa Nairobi uso umemwangaza. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili nchini Uingereza na alibakisha siku nne tu asafiri. Nilikuwa nimemtibu shinikizo la damu, au presha kama tulivyozoea kuiita, kwa muda wa miaka miwili. Nilimpima, nikampa dawa za miezi mitatu na nikamtakia safari njema. Sikumwandikia barua yoyote.

Mwaka mmoja na ushei baadaye, mama yake alikuja kuniona. Mwanawe alikuwa ameanguka usiku akiwa kibaruani katika ghala moja. Alipofikishwa hospitalini madaktari walikuta presha yake imepanda kupita kiasi na figo zimeanza kuharibika. Dawa nilizompa zilikuwa zimekwisha kitambo. Kwa miezi mingi alikuwa akitegemea zile ambazo mama yake alimnunulia hapa na kumpelekea kupitia kwa wasafiri. Msafiri asipopatikana, alikaa bila.

Nilimuuliza mama huyo kwa nini kijana hakwenda kumwona daktari. Alinijibu kwamba aliogopa bili. Wenzake walikuwa wamemwambia mgeni akikanyaga hospitali ya huko, jamaa zake nyumbani watafanya harambee hadi wauze shamba.

Jambo la kusikitisha, mpendwa msomaji, ni kwamba kijana huyo alikuwa amekwisha kulipa. Ada ya matibabu ilitozwa siku ile alipoomba viza. Wakala aliyemjazia fomu alimwambia tu kwamba hizo ni "pesa za viza", naye akalipa bila kuuliza zaidi. Kwa hiyo alikaa mwaka mzima akiiogopa kliniki ambayo alikuwa ameilipia.

Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike, lakini kisa ni cha kweli na sehemu ya lawama ni yangu. Ndiyo sababu leo nataka tujifunze pamoja jinsi Mkenya anayeishi Uingereza anavyoweza kutibiwa katika hospitali za umma. Nimechagua Uingereza kwa kuwa wagonjwa wangu wengi huelekea huko: wanafunzi, wauguzi waliokwenda baada ya mapatano ya Julai 2021 baina ya serikali hizo mbili, na wazazi wanaokwenda kuwaona wajukuu.

Huduma yao ilivyo

Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza, inayojulikana kwa herufi NHS, ilianza Julai 5, 1948, Aneurin Bevan akiwa waziri wa afya. Msingi wake ni kwamba mgonjwa hatoi pesa anapotibiwa. Sehemu kubwa ya gharama hutoka katika kodi.

Hata hivyo, si kweli kwamba kila aliye Uingereza hutibiwa bure hospitalini. Kinachotazamwa ni kama mtu anaishi huko kihalali au la. Kwa Mkenya, mambo yako hivi.

Kundi la kwanza ni la wale wenye viza ya zaidi ya miezi sita, ambao wamelipa ada ya afya ya wahamiaji au wamesamehewa. Hawa hutibiwa hospitalini kama wenyeji. Kundi la pili ni la wageni wa muda mfupi, kwa mfano nyanya anayekwenda kwa miezi mitatu. Huyu hutozwa akitibiwa hospitalini. Kundi la tatu ni la wale ambao viza zao zimekwisha. Hawa nao hutozwa hospitalini, ingawa yapo matibabu wanayopata bure, nami nitayataja hapa chini.

Uingereza ina sehemu nne: England, Scotland, Wales na Northern Ireland, na kila moja huendesha huduma yake ya afya. Nisipotaja sehemu, fahamu kwamba ninazungumzia England, ambako Wakenya wengi huenda.

Ile ada unayolipa

Ada ya afya ya wahamiaji ilianza Aprili 2015, wakati huo ikiwa pauni 200 kwa mwaka. Imepandishwa mara kadhaa tangu hapo. Kuanzia Februari 6, 2024 mtu mzima hutozwa pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza. Wanafunzi na watoto walio chini ya miaka 18 hutozwa pauni 776 kwa mwaka.

Ada hii hulipwa yote kwa pamoja unapoomba viza. Mfanyakazi anayepewa viza ya miaka mitatu hulipa pauni 3,105 hata kabla hajapanda ndege. Zidisha hesabu hiyo kwa bei ya pauni katika benki yako na utaona kwamba si pesa za kupuuzwa. Viza ikikataliwa, ada hii hurudishwa.

Wenye viza ya wafanyakazi wa afya na utunzaji wamesamehewa ada hii tangu 2020, pamoja na jamaa waliowafuata kwa viza ya wategemezi. Muuguzi asikubali wakala amwambie kwamba ni lazima ailipe.

Nakuomba jambo moja. Ukijaziwa fomu na mtu mwingine, dai risiti na uisome. Iweke pamoja na pasipoti. Ukiwa na risiti hiyo na viza yenyewe, huna sababu ya kuogopa hospitali.

Kabla hujasafiri

Mkenya anayeomba viza ya zaidi ya miezi sita sharti apimwe kifua kikuu katika kituo kilichoidhinishwa na serikali ya Uingereza. Mtu mzima hupigwa eksirei ya kifua. Cheti chake hudumu miezi sita. Mama mjamzito amwambie mhudumu kabla ya kupigwa picha, kwani zipo njia nyingine.

Kipimo hicho hutafuta kifua kikuu pekee. Hakitaonyesha presha, kisukari wala kuvimba kwa tezi. Kwa hiyo mwone daktari wako walau mwezi mmoja kabla ya safari, wala usingoje siku nne kama yule kijana. Mwombe mambo haya:

Kwanza, barua. Iwe na majina ya maradhi yako, dawa unazotumia na kipimo chake, majibu ya vipimo vya karibuni, upasuaji uliowahi kufanyiwa na dawa zinazokudhuru. Dawa iandikwe kwa jina lake lenyewe, si jina ambalo kampuni imeibandika. Amlodipine ni amlodipine Nairobi na London, lakini jina la pakiti huenda halijulikani huko.

Pili, dawa za kukutosha miezi miwili au mitatu, zikiwa ndani ya pakiti zake na barua juu yake. Usizimwage zote katika chupa moja.

Tatu, rekodi ya chanjo, hasa za watoto. Kile kijitabu cha kliniki ya mtoto kisiachwe nyumbani.

Nne, meno. Matibabu ya meno kwa mtu mzima wa kawaida hulipiwa kwa sehemu hata na wenyeji, na kupata daktari wa meno wa umma mwenye nafasi ni shida katika miji mingi. Jino linalokusumbua lishughulikiwe hapa. Vivyo hivyo miwani, ambayo watu wazima wengi hujinunulia wenyewe.

Jiandikishe wiki ya kwanza

Hapa nyumbani tumezoea kwenda hospitali yoyote, hata kumwendea mtaalamu wa moyo moja kwa moja ukiwa na pesa. Uingereza mambo si hivyo. Mlango wa kuingilia ni daktari wa mtaani, ambaye wao humwita GP. Ndiye anayekujua, anayekuandikia dawa za kila mwezi na anayekutuma kwa mtaalamu. Usipojiandikisha kwake, utajikuta huna mahali pa kwenda mpaka siku ya ambulensi.

Kujiandikisha ni bure. Tafuta kliniki inayohudumia mtaa unaoishi na ujaze fomu, kwenye dirisha la mapokezi au kwa intaneti. Ukisha kuandikishwa utapata nambari yako ya NHS, yenye tarakimu kumi. Iandike mahali salama.

Karani anaweza kukuomba pasipoti au bili ya stima yenye anwani yako. Ukiwa nazo, mwonyeshe, zitarahisisha kazi. Lakini ukikosa, hiyo si sababu ya kukukatalia. Kanuni za NHS ya England zinasema wazi kwamba huhitaji kuthibitisha anwani, kitambulisho wala hali yako ya uhamiaji ili uandikishwe. Kliniki inaweza kukukataa ikiwa unaishi nje ya eneo lake au orodha yake imefungwa, nayo inatakiwa ikuandikie sababu. Wengi hugeuzwa na karani asiyejua kanuni, wakaenda zao kimya kimya. Wewe uliza kwa heshima: "Naomba uniandikie sababu." Mara nyingi fomu hupatikana.

Asiyejua Kiingereza vyema ana haki ya kuomba mkalimani bila malipo. Usimfanye mtoto wa miaka kumi awe mkalimani wa maradhi ya mama yake.

Kumwona daktari

Jiandae kwa mambo matatu yanayowashangaza Wakenya. Kliniki nyingi hupokea simu asubuhi mapema na nafasi hujaa upesi, kwa hiyo piga saa mbili kamili. Pili, muda wako na daktari ni kama dakika kumi. Taja kwanza lile linalokutia hofu zaidi. Usianze na mafua ukamaliza na maumivu ya kifua ukiwa umekwisha kushika mlango. Tatu, foleni ya mtaalamu ni ndefu. Lengo lao ni kwamba matibabu yaanze ndani ya wiki 18 tangu utumwe, lakini mara nyingi muda huo hupita. Hali ikizidi kuwa mbaya ukiwa kwenye foleni, mrudie daktari wako umweleze.

Huko huwezi kuingia duka la dawa na kuuziwa antibiotiki bila karatasi ya daktari, kama inavyofanyika katika mitaa yetu kinyume cha sheria. Hata hivyo, tangu Januari 31, 2024 wafamasia wa England wanaruhusiwa kutibu maradhi saba ya kawaida, yakiwamo maumivu ya koo, ya sikio, na maambukizi madogo ya mkojo kwa wanawake.

Bei ya dawa

Kulipa ile ada hakumaanishi kwamba dawa ni bure. Katika Scotland, Wales na Northern Ireland dawa za karatasi ya daktari hazilipiwi. England hutoza kila aina ya dawa, na bei iliyowekwa Mei 2024 ni pauni 9.90. Mwenye presha anayetumia aina tatu kila mwezi atalipa karibu pauni 30 kwa mwezi.

Lakini iko njia ya kupunguza. Unaweza kununua cheti cha malipo ya awali kwa pauni 114.50 kwa mwaka, kisha uchukue dawa zako zote bila kuongeza kitu. Ukihitaji dawa kumi na mbili au zaidi kwa mwaka, utakuwa umeokoa pesa.

Wako pia wasiolipa kabisa: watoto chini ya miaka 16, walio na miaka 60 na zaidi, mama mjamzito na aliyejifungua katika miezi 12 iliyopita, na wagonjwa wenye maradhi fulani kama kifafa na kisukari kinachotibiwa kwa dawa. Mama mjamzito na wagonjwa hao sharti waombe cheti kupitia kwa daktari. Presha, pumu na selimundu hazimo katika orodha hiyo. Dawa za kupanga uzazi ni bure. Mwenye kipato kidogo, wakiwamo wanafunzi, anaweza kuomba msaada kwa kujaza fomu ya HC1. Usitie sahihi kwamba umesamehewa ikiwa hujasamehewa, kwani faini yake hufika pauni 100.

Ikitokea dharura

Maumivu makali ya kifua, kupooza upande mmoja, kushindwa kupumua, kuvuja damu kwingi, kuzirai: piga 999. Jambo likiwa la haraka lakini si la kufa na kupona, piga 111. Simu hiyo ni bure na hujibiwa usiku na mchana.

Matibabu ndani ya idara ya dharura hayatozwi, awe mwenyeji au mgeni aliyeshuka ndege jana. Malipo kwa mgeni huanza anapolazwa wodini au akipewa miadi ya kurudi kuona mtaalamu.

Tena, ukiwa na homa, usiseme tu "naumwa na kichwa na viungo". Daktari wa huko, hasa wakati wa baridi, atafikiria mafua. Mwambie: "Nimetoka Kenya, naomba nipimwe malaria." Sema hivyo kwa homa yoyote ndani ya mwaka mmoja tangu ulipotoka mahali penye mbu wa malaria. Na wewe uliyekaa huko miaka mitano ukarudi Kisumu au Kilifi kwa Krismasi, usidhani mwili wako bado unaizoea malaria kama zamani. Kinga hiyo hupungua. Tumia dawa za kuikinga kabla ya safari.

Wazazi wanaokwenda kuzuru

Hapa ndipo familia nyingi huumia. Mwana humwalika mama yake mwenye miaka 65, mwenye presha na kisukari, kwa miezi mitano. Mama hana ada ya afya aliyolipa, kwa kuwa viza ya matembezi haina ada hiyo. Anaweza kuonwa na daktari wa mtaani bila malipo, lakini akilazwa hospitalini atatozwa asilimia 150 ya bei waliyojiwekea. Siku chache za wodini kwa kiharusi zinaweza kumaliza akiba ya miaka.

Mnunulie bima ya safari kabla hajapanda ndege, na mtaje maradhi yake yote kwenye fomu. Bima iliyofichwa kisukari haitalipa kisukari kitakapozusha matatizo. Bei itapanda, ndiyo, lakini ni nafuu kuliko bili ya wodi.

Matibabu ya kuokoa maisha hayapaswi kucheleweshwa kwa sababu mgonjwa hana pesa. Atatibiwa, bili ije baadaye. Uzazi nao huhesabiwa hivyo: mama mjamzito asikatazwe huduma hata akiwa hana viza, ingawa anaweza kutumiwa bili. Lakini matibabu yasiyo ya haraka hulipiwa kwanza.

Bili ikija, usiitupe. Deni la pauni 500 au zaidi likikaa miezi miwili bila kulipwa wala mpango wa kulilipa, linaweza kufanya maombi ya viza ya baadaye yakataliwe. Iandikie hospitali mapema na uombe kulipa kidogo kidogo.

Yasiyotozwa mtu yeyote

Yako maradhi ambayo England huyatibu bure kwa kila mtu, mwenye viza na asiye na viza, kwa sababu yanaambukiza. Kifua kikuu ni mojawapo. Maradhi ya zinaa pia. Matibabu ya virusi vya ukimwi yaliingizwa katika orodha hiyo Oktoba 2012. Kwa hiyo asikae mtu chumbani akikohoa damu, au akapunguza vidonge vya ARV ili vimfikishe Desemba, kwa kuogopa bili isiyokuwapo.

Barua ya kijana

Yule kijana alikuja kuniona mwaka jana alipokuwa likizoni. Amemaliza masomo. Figo zake hazitarudi zilivyokuwa, lakini presha imetulia, hajahitaji mashine ya kusafisha damu, na anaonwa na mtaalamu kwa miadi. Tangu alipolazwa hajawahi kutozwa chochote ila bei ya dawa.

Alifungua mkoba akanipa barua kutoka kwa daktari wake wa huko, kurasa mbili: maradhi yake, dawa zake, majibu ya vipimo vyake, yote yamepangwa. "Alisema nisisafiri bila hii," akaniambia.

Niliisoma yote mbele yake. Ilikuwa barua ambayo nilipaswa kumwandikia mimi. Sasa hakuna mgonjwa wangu anayetoka hapa akielekea uwanja wa ndege bila barua kama hiyo. Ikiwa una jamaa anayesafiri, mkatie ukurasa huu, na umwambie aidai barua kwa daktari wake.

Wiki ijayo: maumivu ya mgongo kwa wanaoketi ofisini kutwa.